Mlangoni pa Ngoma ya Uani

Nimeacha mlango. Nyinyi mnaokaa pale sasa mliniuliza kazi hii inafanywaje, nikawajibu kwamba haifanywi, inakaliwa. Mkacheka, mkadhani bibi anatania. Basi nimeshika kalamu. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo mkikuta neno limekaa upande, lisukumeni kidogo, litasimama.

Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni pa chakacha, ngoma ya wanawake, hapa Gazi kwetu, na siku nyingine Msambweni au Kinondo. Hata Funzi tuliitwa, tukavuka na ngoma zetu zimefunikwa jamvi, sisi wenyewe tumeroa. Ngoma ilipigwa uani, nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa makuti, na mwanamume haingii. Hiyo ndiyo kazi nzima. Mkiiona ni nyepesi, ngojeni mpaka mje kukutana na mwanamume anayetaka kuingia.

Aliyenitia kazini ni Bi Mwanatumu binti Kassimu, mpigaji wa chapuo, ile ngoma ndogo ya kwapani. Hakuna mkono wa mwanamke uliokuwa mwepesi kama wake toka Likoni mpaka Vanga. Wakati huo ngoma ilikuwa ya harusi tu, bila bibi harusi hakuna kitu. Siku hiyo alikuwa anaolewa Asha wa Bi Salama, nami nilikuwa nimetoka kujifungua mwanangu Hidaya, mgongo haujafunga, nimeketi kwenye jamvi nawatazama wenzangu nimenuna. Bi Mwanatumu akanijia na chapuo yake kwapani.

"Mwanakombo, kucheza huwezi?"

"Siwezi, somo."

"Kufurahi je?"

"Hata hilo."

"Basi nenda kakae mlangoni. Uso huo utatufaa."

Nikapewa kigoda na leso kuukuu ya kuning'iniza mlangoni. Nikamwuliza mgeni nimtambueje, nimwulize jina? Akasema jina si kitu, jina hata kasuku hufundishwa. "Mwambie apige kigelegele. Hicho ndicho kiingilio chetu. Asiyekipiga si wetu, na anayekipiga mwache apite hata kama humpendi." Hayo ya mwisho aliyasema akinitazama sana.

Basi nikakaa. Na mtu akikaa mlangoni muda mrefu hujua vigelegele kama anavyojua nyayo za watu wa nyumbani mwake. Kigelegele cha Mejumaa, muuza mahamri, ni kama birika iliyosahauliwa motoni, kitapanda mpaka mtu aende akaipue. Cha Riziki, fundi cherehani, ni kifupi, kimekatwa mwisho kama uzi. Bi Salama cha kwake kilikuwa na pengo katikati, pale jino lilipong'oka, nasi tulipokuja kumzika hilo pengo ndilo lililoniliza, wala si kitu kingine.

Sasa niwaeleze tukio moja, mjue mambo yakoje. Hamadi, mumewe Mejumaa, alikuwa na wivu usio na sababu. Siku moja akaja amevaa buibui la dada yake, ninja usoni, macho tu yako nje. Alitembea vizuri, sitamnyima sifa yake, pengine alijifunza nyumbani. Nikamwambia, "Karibu mwanangu, piga kigelegele."

Akakohoa. Kwa sauti nyembamba akasema, "Nina mafua, bibi."

"Mafua hukaa puani. Ulimi uko kinywani. Piga."

Akajaribu. Ilitoka sauti ya mtu anayeita mbuzi. Ngoma ndani ikanyamaza, na kabla sijasema neno nikasikia sauti ya Mejumaa nyuma ya makuti, taratibu tu, "Hamadi, ukifika nyumbani uanue ule muhogo, mvua inakuja."

Aliondoka mbio, buibui kalikusanya magotini. Na mvua haikunyesha siku ile. Mpaka leo huniamkia akitazama viatu vyangu.

Zikaja simu za picha, nikaongezewa beseni. Kila aingiaye hutia simu yake beseni, nami hulifunika leso na kuliweka chini ya kigoda. Wengine walinung'unika kwamba watapotezeana. Sikuwahi kumpa mtu simu ya mwenziwe. Simu ni kama sahani ya mtu, hubeba tabia zake. Ya Riziki ilikuwa na nyuzi kwenye matundu, na ya Mejumaa ilinuka iliki.

Halafu akatokea Saumu binti Juma. Alikuwa akitengeneza simu Ukunda, msichana wa maneno machache, vidole vyeusi kwa risasi ya kuunganishia nyaya. Akaja na kifaa cha kunasa sauti, akamwomba Bi Mwanatumu apige chapuo peke yake, hivi na hivi. Alikwenda nayo, akakaa nayo, akarudi na kompyuta na spika mbili kubwa kama makabati. Chapuo ikatoka mle ndani, chini yake ameitilia besi nzito, makuti yakawa yanamwaga vumbi. Bi Mwanatumu alikuwa amekwisha zeeka. Alisikiliza kichwa upande, akauliza, "Hapo nani anampiga mwenziwe, mimi au hilo sanduku?" Halafu akasimama akacheza, na jamvi likaondolewa.

Tangu siku ile hatukungoja bibi harusi tena. Kila Alhamisi baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi, uani kwa Riziki. Wakaja wasichana wa Likoni, wakaja wa Lunga Lunga na leso zao za ng'ambo. Vijana wa Ukunda wakaiita muziki wa chini kwa chini. Chini gani? Ilikuwa nyuma ya choo cha Riziki, kando ya banda la kuku, na jua liko juu. Lakini kila mtu alipenda kusema ni siri, na kwa jinsi tulivyoitunza ile siri, hapakuwa na mtu asiyeijua. Kitu kimoja tu kilikuwa siri kweli, nacho ni nani anacheza mle ndani na anachezaje.

Hapa nimtaje Nimwaka. Ruhusa ninayo, amesema niandike mradi nisimpambe. Nimwaka ni ustadha, anafundisha madrasa, na wengi wenu mmechapwa naye. Ni mtu wa sauti ya chini na macho yasiyopepesa, mtoto akikosea herufi huanza kulia kabla hajaambiwa kitu. Alhamisi jioni madrasa haisomeshi. Huyo atakuja kwa njia ya nyuma, atapiga kigelegele chake kinachoanza mbali kama mtu anayeita toka ng'ambo ya mto, ataingia, atavua buibui na kulikunja mara nne. Halafu atacheza. Mabega yametulia kabisa, ungedhani amebeba mtungi uliojaa, na kiuno kina shughuli zake nyingine. Saumu hakuwa akitazama mtambo wake, alikuwa akitazama mgongo wa Nimwaka. "Akipunguza napunguza," aliniambia. "Mimi nabonyeza tu, bibi. Mpigaji ni yule."

Siku moja wakati wa kutoka Nimwaka aliketi nami kidogo akijifunga buibui. Akasema, "Bi Mwanakombo, huko nje mimi ni mke wa mtu, mama wa watu, mwalimu wa watoto wa watu. Humu ndimo nina kiuno." Ikitoka picha moja tu, hasimami tena mbele ya wale watoto. Hilo tulilijua sote, hata wale wenye midomo.

Ndipo akaja Njeri, meneja wa hoteli moja ya Diani, mtu wa bara, mchangamfu, gari lake linang'aa kama sufuria mpya. Alikaribishwa na msichana wa Likoni, akacheza Alhamisi moja mpaka viatu vikamshinda. Wiki ya pili akanijia mlangoni, akaanza, akiniita bibi kwa lugha ya kwao, "Shosho, hii kitu yenu ni moto sana."

Nikasema, "Marahaba."

Akasimama kidogo, akatafuta alichokisahau. "Shikamoo, shosho."

"Marahaba mara ya pili. Haya, sema."

Akasema. Alitaka ngoma ihamie hotelini kila Jumamosi jioni, taa, jukwaa, kila mtu na bangili ya karatasi mkononi. Alimtaka Saumu, na anakokwenda Saumu ndiko iliko ngoma. Uani tungebaki na kuku wa Riziki.

Wapenzi wa ngoma wakagawanyika. Tulikutana palepale uani, nikaketi mlangoni kwa mazoea ingawa siku hiyo hapakuwa na wa kuzuiwa.

Riziki akaanza. "Kitu kikishavishwa bangili ya karatasi, kimekwisha. Kesho watatuambia tutabasamu."

"Wewe hutabasamu hata bure," Mejumaa akasema. "Sema kweli, shoga. Ua ni wako, na magauni ya Alhamisi unayashona wewe. Ngoma ikihama, utamshonea nani?"

"Na wewe je? Umeshapeleka mahamri hoteli kabla ngoma haijafika."

"Nimepeleka ya kuonja."

"Basi ni hivyo. Wewe ni wa kuonjesha."

Msichana mmoja wa Likoni akasema muziki huu ulizaliwa mafichoni na mafichoni ubaki. Mwingine akamwuliza kama ni wa mafichoni yeye aliujuaje. Wakahamia kwenye kundi lao la simu, nako ikawa kama soko la samaki. Riziki alijitoa kundini, akarudi kuona wamesema nini alipojitoa, akakuta hawakusema kitu, akajitoa tena kwa hasira. Walioniona mtu wa busara walinijia niamue. Niliwaambia mimi ni mtu wa mlango, mambo ya ndani hayanihusu, na huo ulikuwa uongo mkubwa.

Nimwaka peke yake hakusema neno. Nikamwuliza Saumu, "Na ustadha?"

"Nimeshamwambia meneja, bibi. Wanawake watupu. Simu beseni. Ua wa makuti, tabaka mbili. Na mlangoni ukae wewe. Yote amekubali."

"Sikuulizi meneja amekubali nini."

Akatazama vidole vyake. "Ustadha amesema atakuja autazame ua. Ukimridhisha, atacheza. Usipomridhisha, ndio amekwisha kucheza, hatafuti kwingine." Halafu akasema, "Na mimi sijui nitapiga nikimtazama nani."

Jumamosi ya kwanza tukaenda. Ule ua ulijengwa vizuri, siwezi kudanganya, makuti mabichi yamebanana, mlango mmoja tu. Nimwaka aliuzunguka wote, akichomeka kidole hapa na pale kama anavyosahihisha ubao wa mtoto. Alipata matundu mawili, akayaziba mwenyewe. Halafu akanijia, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Mejumaa alikuwako. Riziki aliyeapa hatakanyaga alikuwako pia, amekuja, kasema, kutazama litakavyoharibika.

Wageni walivishwa bangili zao huko mbele, wakidhani mambo yamekwisha, kisha wakanikuta mimi. Nikawaambia kila mmoja apige kigelegele. Palikuwa na mama wa Kijerumani, Hanna, mtu mzima mwenye mashavu mekundu. Alijaribu ikawa kama mtu anayesukutua koo. Nikampisha. Sharti ni kupiga, haikusemwa kupiga vizuri.

Ikafika zamu ya Njeri. "Meneja, na wewe."

"Shosho, si mimi ndio nimeleta haya makuti yote?"

"Makuti hayana ulimi."

Nyuma yangu nilisikia Riziki akitayarisha kicheko. Njeri akatia simu yake beseni, akafumba macho, akainua kidevu, na ikatoka sauti ambayo si ya kwetu, nzito, ndefu, ya milimani. Wahudumu kule kwenye bwawa wakasimama na sinia zao mikononi. Akarudia, kisha tena.

"Nyanya yangu alinifunza," akasema, amekuwa mdogo ghafla. "Kwetu ni ya mtoto akizaliwa."

Kicheko cha Riziki kikakosa pa kwenda. "Huyu nimempenda," akasema. "Lakini msimamo wangu ni uleule."

Saumu akawasha. Nimwaka akavua buibui, akalikunja, akaanza polepole, nikaona mabega yametulia. Kwa mazoea nikazungusha macho kwenye ua wote, jani kwa jani. Hakuna jicho. Nikashukuru. Na katika kushukuru, mtu huinua uso.

Gazi kwetu nyumba ni za chini. Juu yetu ni minazi na Mwenyezi Mungu. Katika miaka yote niliyokaa mlangoni hakuna aliyewahi kufikiri kuzuia juu, si Bi Mwanatumu, si mimi, si fundi wa makuti, wala Nimwaka na kidole chake. Hoteli ile ina ghorofa tatu, na kila chumba kina roshani. Kwenye roshani ya juu alisimama mwanamume wa Kizungu, taulo begani, kaegemea viwiko, raha mustarehe.

Nimwaka alikuwa amemgeuzia mgongo. Nikipiga kelele angegeuka na kuinua uso. Niliacha kigoda, nikaacha beseni, nikaacha mlango wazi, nikaenda kwa Riziki aliyesimama pembeni kakunja mikono.

"Fungua leso yako. Nipe ncha moja."

Akanitazama, akafuata macho yangu yaliko, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakubisha. Tukaitandaza juu ya vichwa, upande wa roshani. Kipande kimoja hakifuniki mtu, lakini Mejumaa alikuwa ameshaona, akaja na chake, akakifunga ncha kwenye cha Riziki.

"Inua," Riziki akamnong'oneza.

"Nimeinua. Wewe ndiye mfupi."

"Basi teremka."

"Nikiteremka atamwona."

"Piga magoti, uwe sawa na wenzio."

Wakaja wengine, leso na leso, ncha kwa ncha, duara likaziba. Hanna hakuwa na leso, akasimama kwenye kiti kushikilia pale palipolegea. Kivuli kikatambaa chini mpaka kikafika miguuni pa Nimwaka, naye akakiona. Akasimama. Akainua uso, akaona leso, akatutazama mikono yetu ilivyo juu, akajua. Saumu akazima muziki. Nimwaka alitazama buibui lake pale lilipokunjwa, akalitazama sana. Mimi mabega yalikuwa yananiwaka, lakini maumivu yalikuwa kwingine.

"Kimeonekana nini?" akauliza kwa sauti yake ya madrasa.

"Mgongo," nikasema. "Kidogo. Hakuwa na simu mkononi, ana taulo."

"Na sasa?"

"Sasa haoni kitu."

"Pande zote?"

Riziki akadakia, "Nimevisha nusu ya Gazi, nitashindwa na kipande hiki cha mbingu?"

Nimwaka akavuta pumzi. Akamgeukia Saumu, akamwashiria kwa kichwa aendelee. Chapuo ya marehemu Bi Mwanatumu ikarudi, na yeye akacheza katikati yetu, chini ya leso zetu, nami sikupata kumwona akicheza vile kabla wala baada. Sisi tulioshika hatukuweza kucheza, lakini nani ana mikono inayotulia kwenye besi ile? Leso zikaanza kupanda na kushuka zenyewe.

Tukasikia makofi huko juu. Ya mtu mmoja, halafu ya wengi. Wageni wa vyumbani wametoka kwenye roshani zao zote, wanazipigia leso makofi.

Magharibi ilipokaribia Njeri akaja mbio, macho yanang'aa. "Shosho, wageni wamependa sana ile ngoma ya leso. Wanauliza itachezwa tena lini."

"Ngoma gani?" Riziki akasema. "Ile ilikuwa dari."

Wakaanza tena hapohapo. Mejumaa akataka liletwe turubai, watu wacheze kwa nafasi. Riziki akasema mtu akishapigiwa makofi ameshauzwa, hata kama kilichopigiwa ni leso. Msichana wa Likoni akauliza kwani leso si sehemu ya ngoma? Saumu alikuwa akimtazama Nimwaka aliyekuwa anajifunga buibui, pini mdomoni. Nimwaka akaitoa pini, akaichomeka mahali pake.

"Wauzieni dari," akasema. "Kilicho chini yake kibaki chetu."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Mimi mikono yangu siku ile iligoma, wakati wa swala ilibidi Hidaya anisaidie kutia udhu, nikajua kazi sasa inataka mabega ya vijana. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikwenda kama mtu wa kawaida, nikapiga kigelegele changu mlangoni, nikakuta wanabishana maandishi ya leso yaelekee wapi. Riziki alitaka yatazame juu, yasomeke. Mejumaa akamwambia anajisumbua bure, walio kule juu hawasomi Kiswahili.

"Hao wa roshani hawasomi," Riziki akasema, anaigeuza leso yake. "Na Aliye juu yao?"

Tukamgeukia ustadha atujibu. Alikuwa ameshaanza kucheza.